Kombe la Mwenye Gari, Jasho la Fundi

Nikiwaambia makomredi kwamba kuna Jumapili moja kwa mwaka ambapo watu huosha injini ya gari kwa mswaki, hucheka. Lakini ndivyo ilivyo. Kwa kawaida Septemba ikielekea ukingoni, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi hujaa magari na pikipiki za zamani, farasi wakapumzika. Hilo ni shindano la Africa Concours d'Elegance, lililoanza mwaka wa 1970, na huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo hapa Kenya. Wengine huvuka mpaka kutoka Uganda kuja kushindana. Waamuzi huinama, huchungulia chini ya bodi, hukagua injini, viti, rangi na taa. Jioni kombe hutolewa, picha hupigwa, na kesho yake unasoma jina la mwenye gari gazetini.

Mimi naliunga mkono shindano hilo. Naiunga mkono pia ile mikusanyiko midogo ya wikendi, watu wanapoegesha Kombi na Land Rover zao penye kivuli, wakatoa viti vya kukunja, wakachoma nyama na kubishana kuhusu kabureta hadi giza liingie. Nasema hivi mapema kwa sababu jibu la haraka la hapa chuoni nalijua: hayo ni mambo ya mababi, sisi tunatafuta nauli ya matatu. Sawa. Ila ugomvi wangu uko kwingine. Naona tunampa kombe mtu mmoja wakati kazi ni ya wawili, na yule wa pili, fundi, anazeeka na ujuzi wake kichwani huku sisi wa kitivo cha elimu tukijadili nadharia za ujifunzaji.

Hebu tuanze na sheria moja. Kenya hairuhusu mtu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu lilipoundwa. Ndiyo maana magari ya mtumba yanayoshuka Mombasa ni Vitz na Demio na Axio za juzi tu. Kwa hivyo ukiona Peugeot 404 pale Ngong, kuna uwezekano mkubwa kwamba haikuletwa mwaka jana kwenye kontena. Imekuwa hapa miaka yote. Imekula vumbi la hapa, imekwaruzwa na matatu za hapa, pengine imelala chini ya mwembe wa mtu, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, hadi siku moja mtu akaifufua. Na ikifa, huwezi kuagiza nyingine. Basi kila gari la zamani linalowaka nchini humu ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyejua kulifanya liwake. Mwenyewe alitoa pesa, na pesa si kitu cha kudharau. Lakini pesa peke yake haifungui kabureta.

Nimetaja 404 makusudi. Gari hilo lilishinda Safari Rally mara 4, mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika 1963 na 1968, kwa jinsi mvua na matope yalivyokuwa, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Saba! Ukiuliza wazee watakwambia majina ya madereva bila kufikiri. Uliza majina ya waliokuwa wakilala chini ya magari hayo usiku, kwenye vituo vya matengenezo, na taa ya chemli. Kimya.

Bahati nzuri tunaye mmoja aliyekuwa vyote viwili. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alijifunza ufundi katika gereji ya babake kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Mwaka wa 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo si kwamba ilikuwa mpya. Ilikuwa imeshakimbizwa na watu wengine kabla yao. Akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Mimi huwa nafikiri ushindi ule wa 1965 ulianzia gereji. Mtu anayejua kila nati ya gari lake anajua pia ni kiasi gani anaweza kulitesa kabla halijamwacha porini.

Sasa Kombi, kwa sababu ndizo zinazonivutia mimi kuliko hata hizo Mercedes za kung'aa. Neno lenyewe tumelitoa kwa Wajerumani, wanaosema Kombinationskraftwagen, yaani gari la kubebea watu na mizigo pia; Kiswahili kikachukua kichwa, kikawaachia mkia wao. Wazo la gari hilo lilichorwa na Mholanzi mmoja mwuza magari, Ben Pon, kwenye daftari lake mwaka wa 1947. Kiwanda cha Volkswagen kikaanza kuliunda 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuligeuza nyumba ndogo ya magurudumu, yenye kitanda, kabati na pazia. Brazil waliendelea kuliunda hadi mwisho wa 2013, walipobanwa na sheria za usalama za breki na mifuko ya hewa. Hapa kwetu Kombi zilibeba watalii mbugani, paa likifunguliwa ili wasimame na kamera zao, kabla ya Nissan na HiAce kuchukua kazi hiyo. Kwa hiyo ukimwona leo kijana wa Nairobi akipiga picha kando ya Kombi yenye pazia, akidhani ameleta jambo jipya kutoka Ulaya, mwache tu. Lilikuwa hapa.

Injini ya Kombi za zamani iko nyuma na hupozwa kwa hewa. Haina radieta ya kukuchemkia ukipanda kutoka Mai Mahiu. Lakini ina tabia zake, na tabia hizo ndizo zilizonifanya niandike makala hii.

Mwaka jana nilihudhuria mkusanyiko mmoja mdogo wa wikendi nje ya Nairobi, magari yasiyozidi thelathini, mahema kadhaa, watoto wengi. Msichana wa kama miaka kumi alimwuliza mwenye Kombi moja ya bluu: kwa nini hii gari inalia kama cherehani? Yule bwana, mtu mwungwana kabisa, akacheka, akageuka nyuma akaita, "Mzee, hebu kuja umjibu huyu." Nyuma ya gari alikuwa ameketi mzee wa ovaroli juu ya mtungi wa maji, akinywa chai. Wala sikuwa nimemwona.

Mzee akainuka. Hakuanza na maelezo. Alichukua bisibisi ndefu, akawasha injini, akaweka ncha kwenye chuma upande mmoja, akamwambia msichana, "Njoo mama, weka sikio hapa kwa mkono wake. Unasikia nini?" Mtoto akasema, tik tik tik. Akamhamisha upande wa pili. "Na hapa?" Mtoto akakunja uso, akasikiliza, akasema, hapa ni tak. Mzee akafurahi kama mtu aliyelipwa. Akamweleza kwamba zile ni vavu zikifunga na kufungua, na kwamba lazima kuwe na mwanya mdogo sana, milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Ukibana, vavu haifungi vizuri, inaungua. Ukilegeza, ndiyo hiyo tak. Kisha akaongeza jambo ambalo mimi nililiandika kwa simu palepale: silinda ya tatu ndiyo hupata joto jingi kuliko wenzake, kwa sababu katika injini zile za zamani kipozea oili kimekaa mbele yake na kuikatia hewa. Kwa hiyo yeye vavu ya moshi ya silinda hiyo huiachia mwanya zaidi kidogo. "Kitabu hakisemi. Lakini mimi nimefungua nyingi."

Hiyo ilichukua kama dakika kumi. Muhula huo nilikuwa nimetoka TP, na nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwa na daftari la kutathmini wenzangu, wao wakinitathmini mimi. Sikuwa nimeona somo zuri kama lile. Lilikuwa na kichocheo, ulinganishi, mwanafunzi akagundua mwenyewe kabla ya kuambiwa, na istilahi ikaja mwisho baada ya maana. Yale yote tunayoyakariri usiku wa kuamkia mtihani, mzee aliyafanya akiwa na kikombe cha chai mkono wa kushoto.

Tulizungumza naye baadaye. Aliingia gereji moja ya barabara ya Kirinyaga (yeye bado anaiita Grogan) akiwa kijana wa kupeana spana na kuosha vipuri kwa petroli. Mwajiri wake Mhindi hakumfundisha kwa maneno; alimwacha aone. Miaka miwili haruhusiwi kugusa kabureta. Siku aliyoruhusiwa, aliambiwa aifungue, aipange vipande kwenye gazeti kwa utaratibu, kisha aifunge bila kubakiza kitu. Hana cheti hata kimoja.

Kuna watu wameandika juu ya hili. Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia na jinsi wanagenzi wao wanavyoanza na kazi za pembeni, kifungo na pindo, wakisogea polepole kuelekea kazi yenyewe ya kukata kitambaa. Yeye na Etienne Wenger wakatoa kitabu mwaka wa 1991 kuonyesha kwamba kujifunza ni kuingia katika kundi la watu wanaofanya jambo, hatua kwa hatua, na si kumiminiwa habari kichwani. Kitabu hicho kinatajwa katika mihadhara yetu. Ajabu ni kwamba Mwafrika yumo ndani ya nadharia hiyo tangu mwanzo, na bado tukitafuta mfano tunaruka hadi shule za Finland. Mfano uko Grogan, ukipita na mathree unauona.

Nieleze jambo moja zaidi la kabureta, kisha nitaiacha, maana najua kuna wasomaji wa sheria na biashara hapa. Kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 na kitu. Limuru iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, lakini tundu la petroli ni lilelile. Basi gari lililopangwa vizuri Mombasa likifika Limuru linakula petroli nyingi kuliko hewa, linatoa moshi mweusi na kukohoa. Gari la siku hizi lina kompyuta inayorekebisha. Gari la zamani lina fundi. Yeye huangalia rangi ya plagi tu: ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, inaungua kwa ukavu, ikiwa ya kahawia kama ganda la karanga, funga boneti uende. Hapo kuna fizikia, kemia na jiografia ya nchi hii ndani ya kipande cha chuma kisichozidi kidole. Nani kati yetu alifundishwa shinikizo la hewa hivyo? Mimi nilifundishwa kwa mchoro wa chupa na puto.

Najua yatakayosemwa. Dunia inaenda umeme, poenti na kabureta ni elimu ya makaburini. Kweli, hakuna atakayeajiriwa kesho kupanga poenti. Lakini angalia nani anayefanya mageuzi hayo hapa kwetu. Kampuni ya Roam, iliyoanza ikiitwa Opibus, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kutoka Land Cruiser za mbugani na kuweka mota za umeme. Ili ung'oe injini ya gari la miaka ishirini na uunganishe mota na gia zilezile, unahitaji mtu anayelijua gari hilo kwa mikono. Na jambo kubwa anapokufundisha fundi mzee ni kutafuta chanzo: badilisha kitu kimoja, sikiliza, rudisha, badilisha kingine. Siku hizi mashine ya kusoma kompyuta ya gari inaandika P0300, silinda zinakosa moto ovyo. Haikwambii kwa nini. Ndiyo maana unauziwa plagi, kisha koili, kisha pampu, na gari bado linatetemeka, na pesa ya karo ya mtoto imeisha. Mwenye gari kuukuu la kubebea mboga Gikomba ndiye anayelipia umbumbumbu huo.

Uchafuzi wa hewa? Hoja nzuri kwa lori linalopita Thika Road kila siku likitoa moshi kama jiko la kuni. Kombi inayotoka mara chache kwa mwezi naomba isubiri foleni.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ile ya mali. Kwamba kuweka gari la miaka hamsini ni starehe ya wachache, na kwamba Safari yenyewe ilianza mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, kwa hiyo tunasherehekea nini hasa? Sipingi historia hiyo. Lakini ukiwaachia matajiri peke yao wasimulie habari za magari haya, itabaki habari ya nani aliyamiliki. Ukimtaja fundi, inakuwa habari yetu pia.

Chuo kikuu kina deni hapa. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na kweli, kwa kusaidiana na karakana za shirika la reli na wengineo, magari 5 ya majaribio ya Nyayo Pioneer yaliundwa. Mradi ukakwama kwa kukosa fedha. Wenzetu wa Makerere walitoa Kiira EV yao ya umeme mwaka wa 2011. Mimi nimesoma shule ya msingi, sekondari na sasa chuo, nchini humuhumu, na sijawahi kupewa hata somo moja juu ya Nyayo Pioneer ila kama kichekesho. Watu waliosubu vyuma vile walikuwa na ujuzi. Nani aliuandika?

Na sasa tuna shule za sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Katika mkondo wa sayansi na teknolojia kuna masomo ya kiufundi, na mojawapo ni umakanika. Lilikuwapo hata katika 8-4-4, ila shule zilizolifundisha zilikuwa chache, kwa kuwa karakana ni ghali na walimu hawapo. Mzee wa Kombi ya bluu hawezi kuajiriwa na TSC. Hana karatasi, na sisemi TSC waache karatasi. Nchi ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, na vijana wa mitaani wanaitumia polepole kupata vyeti. Mzee wa miaka sabini hatakwenda kupanga foleni ya kupimwa. Sisi ndio tunaopaswa kumwendea. Mtaala wenyewe unaruhusu mwalimu kumwalika mtaalamu wa jamii aje darasani. Tatizo ni kwamba ukimwuliza mwalimu mtarajiwa wa hapa chuoni ataje mtaalamu wa jamii, atakwambia daktari na polisi.

Kwa waandaaji wa mikusanyiko hii, nina ombi ambalo halina gharama. Kwenye kile kibao kinachowekwa mbele ya gari, chenye mwaka na aina ya injini, ongezeni mstari mmoja: limetengenezwa na nani. Wapo wenye magari wanaojitengenezea wenyewe hadi kucha zikawa nyeusi, na wao waandike majina yao kwa fahari. Mkitaka kwenda mbali zaidi, mpeni fundi kombe lake, hata dogo. Na Jumamosi, kabla ya siku yenyewe, fungueni boneti kwa saa mbili kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wa ualimu. Waingie bure. Wataleta macho na maswali, hawataketi kwenye viti vyenu vya ngozi.

Kwa upande wetu nimeshazungumza na wenzangu wanne wa mwaka wa tatu, wawili wa fizikia, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa teknolojia. Tunataka kuwarekodi mafundi kumi wenye zaidi ya miaka sitini wakifanya kazi moja moja, kuanzia kupanga vavu hadi kunyoosha bodi, kwa Kiswahili wanachokitumia wao, pamoja na majina yao ya vifaa. Mzee wangu, kwa mfano, hana kipimo cha kupimia mwanya wa poenti. Hutumia kipande cha msumeno wa chuma alichokisugua mwenyewe kwa miaka mingi hadi kikawa na unene anaoutaka. Tukaleta kipimo cha karakana tukakilinganisha. Milimita 0.4, kama kitabu kinavyotaka.

Simu zetu zina kamera nzuri za kutosha. Tunachokosa ni mtu wa kuhariri sauti, kwa sababu gereji zina kelele, na mtu mwenye mkono mtulivu wa kushika tochi chini ya gari kwa nusu saa bila kulalamika. Tunakutana Jumatano saa kumi na moja jioni, nyuma ya maktaba. Njoo na nguo ambayo mama yako hataililia.